Kompyuta ya Bi Mwanasaumu

Changamwe
Jumatatu, 9 Februari 1998

Rispa wangu,

Nakuandikia nimekaa juu ya boksi la karatasi za kuchapia, kwa kuwa kiti changu nimempa seva. Mvua ya jana imeingia tena, sakafu ya huku juu bado ina maji, na kati yangu na yeye, yeye ndiye asiyeweza kusimama. Mwandiko ukiyumba usidhani ni ugonjwa. Leo nimeianza kazi yetu.

Saa saba, watu walipokwenda kula, nilishuka ukumbini nikatia disketi ya kuanzia katika kompyuta zote kumi na moja, moja baada ya nyingine. Kisha nikapanda juu nikakaa mbele ya seva. Zikaanza kuingia. Meza ya Kazungu, meza ya Mbeyu, meza ya Garama, kila moja ikaja kuchota programu mpya ya shehena bila mimi kuzunguka na disketi kumi na nane mkononi. Nilikuwa peke yangu na nilicheka kwa sauti. Tangu tumalize chuo nimekuwa nikiambiwa mambo haya yanawezekana. Leo nimeyaona.

Kila kompyuta ilihitaji saa moja na dakika hamsini, na saa tisa na nusu lazima niizime seva. Saa nane na dakika tano, tatu kati ya hizo, ya Mbeyu, ya Garama na ya Bi Mwanasaumu, zikajizima, zikajiwasha, zikaanza upya tangu mwanzo. Zile nane nyingine zilimaliza. Tatu hizo zikarudia tena na tena. Hakuna aliyezichezea, niliwaonya wote, nao ni watu wa kusikia.

Uliniuliza kuhusu mafunzo ya Januari. Yalikwenda vizuri kuliko nilivyotarajia. Zile kompyuta tatu za mapokezi mlizotuletea, zinazotaka Control, Alt na Delete vibonyezwe pamoja ndipo zikuulize jina, watu waliziogopa. Nikawaambia hiyo ni hodi. Huingii nyumbani kwa mtu bila hodi, na kompyuta ni hivyo hivyo. Walicheka, lakini tangu siku hiyo hakuna aliyesahau. Hata Bi Mwanasaumu, mpiga chapa wetu mkuu, mwenye miaka ishirini na miwili katika ofisi hii na aliyemwambia meneja mbele yetu sote kwamba hawezi kuandika ndani ya kitu kinachomeza maandishi, aliandika jambo hilo kwenye kijitabu chake. Yeye ndiye aliyenipokea hapa siku ya kwanza, akanionyesha choo kisichovuja na kunipa mahamri yake nusu.

Naifunga bahasha, lori linaondoka saa kumi na dereva hangoji mtu. Niambie unafikiri nini. Simu ya meneja wetu, Bwana Musyoka, ina kufuli, na hata isingekuwa nayo, mambo haya nayafikiri vizuri zaidi kwa kalamu.

Wako,
Dhahabu


Nairobi
Jumatano, 11 Februari 1998

Dhahabu,

Wewe ndiye mtu pekee ninayemjua anayeweza kuandika kuhusu seva kama anaandika kuhusu mchumba. Sasa tulia unisikilize.

Kompyuta haijizimi kwa hiari yake. Ama umeme unakatika, ama waya wa mtandao umelegea, ama kompyuta yenyewe ni mbovu. Yapime yote matatu, moja moja, usiyachanganye. Ukishapima umeme na waya, chukua kompyuta iliyomaliza uihamishie kwenye meza yenye matatizo, na ile yenye matatizo uipeleke kwenye meza njema. Tuone ugonjwa unafuata nini. Halafu nichapie orodha ya seva, ile inayoonyesha kila kompyuta ilianza saa ngapi.

Na ujue hivi. Changamwe ikifaulu, programu inakwenda Kisumu na Eldoret. Inatakiwa ifanye kazi bila mtu kukaa kando yake, maana huko hakuna Dhahabu. Tumepewa hadi tarehe ishirini na saba. Wakubwa wa huku makao makuu wanasema tawi lenu halijawa tayari kwa mambo ya kisasa. Nimebishana nao. Usiniaibishe.

Rispa


Changamwe
Ijumaa, 13 Februari 1998

Rispa wangu,

Nimepima yote, na jibu ni zuri kiasi kwamba nimeshindwa kula.

Umeme kwanza. Niliazima redio ya Kazungu nikaichomeka kwenye soketi moja na kompyuta ya Bi Mwanasaumu. Kompyuta ilijizima saa nane na dakika sita. Redio haikukatika hata neno moja la taarifa ya habari. Kwa hiyo si umeme. Waya nao nilibadilisha, nikampa Mbeyu ule wa mapokezi ambao haujawahi kutusumbua. Yake ilijizima vile vile.

Jana nilikaa kando ya Garama tangu saa saba hadi karibu saa tisa, macho kwenye skrini. Ile skrini nyeusi yenye maneno mawili matatu ya Kiingereza juu, unaijua. Haikujizima. Ilimaliza. Garama akanitania, “Inakuonea haya wewe. Ukiondoka itarudia tabia zake.” Nilicheka naye, lakini nilipanda ngazi nikiwa na mashaka.

Leo nikafanya ule mchezo wako wa kuhamisha. Kompyuta ya Kazungu, iliyomaliza tangu Jumatatu, niliipeleka kwa Bi Mwanasaumu nikaianzisha upya. Ikajizima. Ya Bi Mwanasaumu, iliyokwama siku nne mfululizo, niliipeleka kwa Kazungu. Ikamaliza mara ya kwanza, na Kazungu mwenyewe wala hakuwapo, alikuwa nje anabishana na madereva.

Unaona, Rispa? Ubovu hauko kwenye kompyuta. Uko kwenye meza. Nimesimama mbele ya meza ile nikiitazama kama mtu anayetazama kisima. Ni mbao tu. Bi Mwanasaumu aliniona akasema, “Uliniambia nisiichezee, mwanangu, sikuichezea. Wallahi.” Nikamwambia nakuamini, bibi.

Orodha ya seva iko ndani ya bahasha. Nisomee haraka.

Dhahabu


Nairobi
Jumatatu, 16 Februari 1998

Dhahabu,

Nimeitandaza orodha yako mezani na kalamu nyekundu mkononi, na sasa mimi pia sijala.

Tazama meza ya Bi Mwanasaumu. Jumatatu ilijizima saa nane na dakika tano, na dakika nane, na dakika kumi na moja. Kisha kimya hadi ulipoizima seva. Jumanne, mara tatu. Jumatano, mara tatu. Alhamisi, tatu. Ijumaa, na kompyuta si ile, tatu. Mbeyu, kila siku tatu. Garama alikuwa na tatu Jumatatu, tatu Jumanne, tatu Jumatano, na Alhamisi ulipokaa kando yake hakuna hata moja. Hakuna mbili popote. Hakuna nne.

Umeme haujui kuhesabu. Waya haujui kuhesabu. Huyo ni mtu, Dhahabu, na anafanya hivyo kila anaporudi kutoka kula. Tafuta mkono.

Lakini usimwonyeshe meneja wala mtu yeyote orodha hii ninayokurudishia kabla hujakaa na Bi Mwanasaumu, nyinyi wawili tu, ukamuuliza anafanya nini hatua kwa hatua. Tunajua ni mtu. Hatujui kwa nini.

Rispa


Changamwe
Jumatano, 18 Februari 1998

Rispa,

Barua yako niliipata jana saa tatu asubuhi. Kufika saa tano Bwana Musyoka alikuwa ameshaiona orodha. Saa sita alimwita Bi Mwanasaumu ofisini, mlango wazi, sote tukisikia.

“Umekuwa ukiichezea kompyuta?”

“Sikuichezea.”

“Mara tatu kila siku, Bi Mwanasaumu. Iko kwenye karatasi.”

“Karatasi yako ina mdomo, na mimi nina mdomo. Wallahi sikuichezea.”

Akamwambia aende nyumbani Likoni, asirudi hadi aitwe. Jumatatu ijayo watamwandikia barua ya kuachishwa kazi. Alikunja kitambaa cha taipureta yake ya zamani, akakitia mkobani, akatuaga mmoja mmoja. Kwangu alipita.

Tangu mapigano ya mwaka jana huko Likoni, watu wa bara walipofukuzwa, watu wa ofisi hii huongea wakipimana, wa bara kwa wa pwani. Jana wa bara walikula kwao na wa pwani kwao.

Leo saa saba niliianzisha kompyuta ya meza yake. Kiti kitupu. Ilimaliza bila kujizima hata mara moja. Bwana Musyoka alikuja kuitazama akanipiga bega, akasema kazi nzuri. Ningefurahi, sivyo? Lakini ya Mbeyu imejizima leo. Mara tatu. Bwana Musyoka anasema Mbeyu ni mwanafunzi wa yule mama, wamepanga. Mbeyu, Rispa, ambaye huomba ruhusa hata ya kufungua dirisha.

Kuna kitu sikioni. Kiko mbele ya macho yangu na sikioni.

Dhahabu


Likoni
Ijumaa, 20 Februari 1998

Kwa Dhahabu,

Salamu. Ama baada ya salamu, nakuletea barua hii kwa mkono wa Mbeyu, kwani kuja huko nimekatazwa, na kusema nawe kwa mdomo bado sijaweza.

Nimekula yamini mbele ya watu kwamba sikuichezea kompyuta ile. Mimi si mtu wa kula yamini ovyo, na umri huu sianzi. Nataka ujue mwenyewe nilichofanya, kisha uamue kama ni uongo.

Kila siku nilirudi saa nane, baada ya kula na kuswali. Niliikuta imefumba, nyeusi, haina picha. Ulisema tusiichezee, nami niliweka kalamu na kitabu changu kando nikae kungoja. Lakini kukaa mbele yake kimya niliona si adabu. Nikapiga hodi moja, kama ulivyotufunza, ile ya vidole vitatu. Ikaguna, ikawaka, ikasema maneno yake, ikafumba tena. Nikangoja kidogo. Hodi ya pili. Nikangoja. Ya tatu. Haikunikaribisha. Na mimi kwa mtu sibishi hodi ya nne. Nilivuta kiti nikaandika kazi zangu kwa mkono hadi jioni. Siku ya pili vivyo hivyo. Sikubonyeza kingine chochote. Huko ndiko kuichezea?

Mimi sikuzitaka kompyuta, kweli, na nilisema wazi. Lakini ulipokuja kutufundisha nilijifunza, kwa sababu ni wewe. Miaka ishirini na miwili sijawahi kuitwa mwongo katika jengo lile. Na hukuja kuniuliza. Ulikwenda kwa Bwana Musyoka. Nilikuona ukipanda ngazi na karatasi yako mkononi, mbio, unacheka.

Wasalaam,
Mwanasaumu


Changamwe
Ijumaa, 20 Februari 1998, saa tisa

Rispa, Rispa,

Ni hodi.

Soma tena barua yangu ya kwanza, ile niliyojisifu. Nilimfundisha kila mtu katika jengo hili kubisha hodi kwa kompyuta kwa Control, Alt na Delete. Kwenye zile tatu mpya za mapokezi, vitufe hivyo vinafungua mlango. Kwenye kompyuta iliyo katikati ya kupokea programu, skrini nyeusi, vitufe hivyo hivyo vinaizima na kuiwasha upya. Wewe unajua. Mimi najua. Wao wangejuaje? Wanarudi kutoka kula, wanaikuta nyeusi, wanapiga hodi. Inajizima. Inapowaka na kuingia tena kwenye weusi wanapiga ya pili. Kisha ya tatu. Kisha wanaacha, kama mtu yeyote aliyelelewa anavyoacha. Nilipokaa kando ya Garama hakupiga, kwa kuwa mwenyeji alikuwa amekaa mlangoni. Kwenye kiti kitupu hakuna wa kupiga. Kila namba kwenye orodha yako inakaa mahali pake.

Nimemwita Mbeyu. Nikamuuliza, “Ukirudi kula unafanya nini?”

“Nakaa.”

“Kabla ya kukaa?”

“Napiga hodi. Kwani mimi mshenzi?”

“Na nilisema msichezee.”

“Hodi ni kuchezea?”

Kazungu alikuwa anasikiliza kutoka mezani kwake. Nikamuuliza, na wewe hupigi? Akasema, “Kwa kompyuta? Hata kwa shemeji yangu sipigi.” Ndiyo maana yake ilimaliza siku ya kwanza, Rispa. Kompyuta zilizokwama ni za wenye adabu.

Saa nane nilimwacha Mbeyu afanye kama kawaida yake nami nikapanda kwenye seva. Ikatoka. Ikarudi. Ikatoka. Nilihesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu. Kisha kimya. Nilisimama katikati ya maji ya sakafuni na mwili mzima unanisisimka, furaha ambayo sijapata kuijua, kisha nikakumbuka ni nani analipia furaha hii.

Nilikuficha jambo. Niliandika kwamba Bwana Musyoka “alikuwa ameshaiona orodha,” kana kwamba ilitembea yenyewe. Niliipeleka mimi. Nilikuwa nimesoma barua yako yote, hadi pale uliposema nisimwonyeshe mtu. Lakini ulikuwa umeandika kwamba ni mkono, nami nilikuwa nimeshinda, na nilitaka mtu anione nimeshinda, sasa hivi, kabla moto haujapoa. Sikumfikiria Bi Mwanasaumu hata kidogo. Nilifikiria tatu, tatu, tatu, jinsi zilivyopendeza kwenye karatasi.

Nimemwandikia Bwana Musyoka kurasa mbili. Nimeeleza kila kitu, na kwamba mkono uliozizima kompyuta zile ni wangu, nilioutia ndani ya mikono ya watu wengine mwezi Januari. Mkataba wangu unaisha Machi na yeye ndiye anayetia sahihi. Ameingia sasa hivi. Nampelekea kabla sijaanza kutafuta maneno mazuri zaidi.

Dhahabu


Nairobi
Jumatatu, 23 Februari 1998

Dhahabu,

Nilisoma barua yako nimesimama kwenye korido, watu wakinipita. Nilicheka hadi nikalia, kisha nikafika ukurasa wa pili nikaacha kucheka.

Sikulaumu sana, kwa sababu mimi ndiye niliyeandika “tafuta mkono.” Nami nililipenda neno hilo nilipoliandika. Tulipaswa kumuuliza yule mama swali moja tu, unafanya nini, badala ya umeichezea. Siku kumi tumepima redio na waya.

Disketi iliyo ndani ya bahasha ni mpya. Nimeirekebisha mwenyewe jana. Vitufe vile vitatu havitafanya kitu wakati programu inaingia. Na ile skrini nyeusi nimeiondoa, mtu akibisha ataona maandishi makubwa: “Hodi imesikika. Niko ndani, sijawa tayari. Tafadhali subiri.” Mkubwa wangu aliuliza kwa nini isiwe kwa Kiingereza kama zote. Nikamwambia Kiingereza chake ndicho kilichotufikisha hapa.

Itakwenda Kisumu hivyo hivyo, na Eldoret. Niambie Musyoka amesemaje. Niambie kwanza kuhusu mama.

Rispa


Likoni
Jumamosi, 28 Februari 1998

Shikamoo Bi Mwanasaumu,

Naandika hapa barazani kwako, karatasi juu ya goti.

Bwana Musyoka alisoma barua yangu Ijumaa ile, akaisoma tena Jumatatu, na barua yako ya kuachishwa haikuandikwa. Ile iliyo ndani ya bahasha ya kaki ni yake. Anakuomba radhi kwa maandishi na kukutaka urudi kazini Jumatatu. Alitaka kuituma kwa tarishi. Nilimwomba niilete mimi. Kwangu ameandika onyo, limewekwa kwenye faili, na la mkataba hajasema. Ni haki.

Kompyuta zote zimekamilika tangu Alhamisi. Mbeyu aliibishia yake hodi, ikamjibu kwa Kiswahili, akaita ukumbi mzima uje kusoma. Meza yako haijakaliwa. Garama alitaka kuweka mafaili yake juu yake, Kazungu akamtimua.

Hayo ni ya ofisi. Yangu ni haya. Uliniambia hukuichezea nikakujibu nakuamini. Kisha nikaamini karatasi. Ulikuwa na jibu zima kinywani mwako wiki nzima, na mimi niliyejiona msomi nilipima kila kitu katika ukumbi ule isipokuwa kukuuliza. Sikuja kukuomba unisamehe leo. Nilikuja ili uniambie ana kwa ana lolote unalotaka kuniambia.

Nimebisha hodi mara tatu, nikingoja kati yake. Sikujibiwa. Ningetaka kubisha tena, lakini najua adabu yako. Napenyeza barua chini ya mlango na kwenda zangu.

Dhahabu


Likoni
Jumapili, 1 Machi 1998

Kwa mwanangu Dhahabu,

Salamu. Barua zote mbili nimezipata, yako na ya Bwana Musyoka. Yake nimeisoma mara moja. Yako nimeisoma zaidi.

Kesho nitakuja kazini. Mwambie Kazungu asante, na Garama asinisogelee. Hiyo kompyuta inayojibu nataka kuiona mwenyewe kabla ya kuisadiki.

Jana nilikuwa ndani. Nilikusikia hodi ya kwanza, nikanyamaza kwa hasira. Ya pili nikainuka. Ya tatu nilikuwa nimeshafika mlangoni, mkono kwenye komeo, nikisema moyoni, akibisha ya nne tu nafungua. Nikakusikia ukivaa viatu.

Siku nyingine bisha ya nne.

Mwanasaumu